Mipaka ya Afrika: Nani Aliichora, na Sisi Tuibebe Namna Gani?

Mtu akisimama Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula, aona ng'ambo watu wanaovua samaki kama wa huku na kulima mihogo kama ya huku. Majina ya koo zao ni yale yale. Mara nyingi bibi amezaliwa upande mmoja akaolewa upande wa pili. Lakini mtoto wa huku huitwa Mkongomani, naye hufundishwa Kifaransa. Mtoto wa ng'ambo huitwa Mzambia, naye hufundishwa Kiingereza. Kati yao pana maji tu. Mto huo ni wa tangu zamani sana, lakini mpaka uliomo ndani yake uliandikwa mwaka 1894, na walioandika hawakuwa watu wa Luapula.

Mambo kama hayo yako katika bara zima la Afrika. Yafaa tujue jinsi yalivyotokea, maana ugomvi mwingi wa siku zetu una mizizi yake huko, na mtu asiyejua mzizi wa ugomvi humchukia jirani yake bure.

Kabla ya mistari

Wako wanaodhani kwamba Afrika ya zamani ilikuwa pori lisilo na serikali. Sivyo. Ufalme wa Kongo ulikuwa na mji mkuu wake, Mbanza Kongo, ulikuwa na majimbo na watawala wake, na fedha yake ilikuwa simbi ndogo za bahari zilizoitwa nzimbu. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Mwanawe Afonso aliandikiana barua na wafalme wa Ureno. Katika barua za mwaka 1526 alilalamika kwamba wafanya biashara walikuwa wakiwakamata watu wake kila siku, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, ili kuwauza utumwani. Barua hizo zipo hata leo, na kila azisomaye huona kwamba mwandishi wake alijua vema kutawala ni nini.

Mbali kuelekea mashariki Waluba nao walikuwa na wafalme wao. Walunda walikuwa na Mwata Yamvo, na katika karne ya 18 wakubwa waliotoka kwake waliweka utawala wa Kazembe katika bonde la Luapula. Kati ya maziwa makubwa palikuwa na Bami wa Rwanda na Burundi, na wa nchi nyingine ndogo pia.

Lakini mipaka ya falme hizo haikuwa mistari. Mfalme alihesabu watu kuliko udongo. Pale ambapo watu walimletea kodi na kumpelekea mashauri yao, hapo palikuwa pake. Kadiri mtu alivyokwenda mbali na mji mkuu, ndivyo nguvu ya mfalme ilivyopungua, kama mwanga wa taa unavyopungua mbali na meza. Tena mto haukuwa ukuta. Mto ulikuwa njia.

Hata hivyo tusiipambe zamani hiyo kuliko ilivyokuwa. Vita vilikuwako. Misafara ya pembe na watumwa, kama ile ya Tippu Tip, ilifika mpaka Manyema na kuacha vijiji vimeungua. Msiri naye, aliyetawala Garenganze kutoka mji wake wa Bunkeya, aliuza shaba na pembe, lakini aliuza na watu. Wazee wetu hawakuishi peponi. Lakini makosa yao yalikuwa yao, na njia za kupatana zilikuwa mikononi mwao.

Jinsi Ulaya ilivyoingia

Mpaka karibu na mwaka 1880, serikali za Ulaya zilishika sehemu ndogo tu za Afrika, na nyingi zilikuwa za pwani. Wafaransa walikuwa Algeria tangu mwaka 1830, na Senegali. Waingereza walikuwa Rasi ya kusini. Wareno walikuwa na bandari zao za Angola na Msumbiji. Barani kwenyewe homa iliwazuia, na nguvu za wenyeji ziliwazuia pia.

Ndipo mambo mengi yalipogeuka pamoja. Dawa ya kwinini ilipunguza vifo vya homa. Merikebu za moshi zilipanda mito. Bunduki mpya zilipiga risasi nyingi kwa muda mfupi. Viwanda vya Ulaya vilitaka mafuta ya mawese, pamba na mpira. Zaidi ya hayo yote, mataifa ya Ulaya yalioneana wivu: kila mmoja aliogopa kwamba asipochukua yeye, jirani yake atachukua.

Mfalme Léopold II wa Ubelgiji alikuwa mwerevu kuliko wengi. Mwaka 1876 aliita wataalamu wa jiografia Bruxelles, akaunda chama kilichosema kwamba shabaha yake ni elimu na kuukomesha utumwa. Baadaye akamwajiri Stanley, aliyekuwa amekwisha kuufuata mto Kongo mpaka baharini mwaka 1877. Tangu mwaka 1879 mpaka 1884 Stanley na wenzake walijenga vituo kando ya mto, wakawafanya machifu watie alama kwenye karatasi. Karatasi hizo ziliandikwa kwa lugha ya kigeni. Chifu alidhani anafanya urafiki na mgeni. Karatasi ilisema kwamba ametoa nchi. Ng'ambo ya mto Brazza alifanya vivyo hivyo kwa ajili ya Ufaransa, baada ya kuafikiana na Makoko, mfalme wa Wateke, mwaka 1880.

Baraza la Berlin

Tarehe 15 Novemba 1884 wajumbe wa dola 14 walikutana Berlin, katika nyumba ya Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani. Walikaa mpaka tarehe 26 Februari 1885. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyealikwa. Sultani wa Unguja, aliyekuwa na madai yake barani, hakupewa kiti.

Hapa yafaa kusahihisha jambo moja. Watu wengi husema kwamba Afrika ilikatwa vipande vipande pale pale mezani, kama mkate. Haikuwa hivyo hasa. Mkataba wa Berlin ulisema juu ya uhuru wa biashara katika bonde la Kongo, juu ya vyombo kupita katika mito ya Kongo na Niger, juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na juu ya kuwalinda wamisionari na wasafiri. Tena uliweka kanuni: dola inayotaka pwani mpya ya Afrika lazima iwape wengine habari, na lazima iwe na utawala wa kweli mahali pale. Kanuni hiyo ilikuwa ya pwani, lakini roho yake iliingia bara. Kila dola ilianza kukimbia ili kusimamisha bendera kabla ya mwenzake.

Kando ya baraza, katika mazungumzo ya wawili wawili, Léopold alipata alichokitaka. Marekani ilikuwa imekwisha kukikubali chama chake tangu Aprili 1884. Sasa dola za Ulaya zilimfuata mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangazwa, na mfalme wake alikuwa mtu ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja mpaka kufa kwake.

Rula juu ya ramani

Mistari mingi, basi, ilichorwa kabla ya Berlin na hasa baada yake, katika mikataba midogo ya wawili wawili. Mwaka 1890 Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, alikiri mbele ya watu kwamba yeye na wenzake walikuwa wakigawiana milima, mito na maziwa pasipo kujua hasa iko wapi. Tutazame mifano michache.

Wakongo, watu wa ule ufalme wa Afonso, waligawanywa mara tatu: wengine kwa Wafaransa, wengine kwa Léopold, wengine kwa Wareno. Walunda nao walikatwa kati kwa mkataba wa mwaka 1891 kati ya Léopold na Ureno. Mwata Yamvo alibaki upande wa Kongo, na wengi waliomheshimu wakajikuta Angola.

Katanga ilikuwa na historia ya namna yake. Mwaka 1890 Alfred Sharpe, Mwingereza, alifika Bunkeya akitaka Msiri akubali mkataba. Msiri alikataa. Mwaka uliofuata ukaja msafara wa Kapteni Stairs, mtumishi wa Léopold. Msiri hakutaka bendera ya Léopold pia. Tarehe 20 Desemba 1891 afisa mmoja wa msafara ule, Bodson, alimpiga Msiri risasi akafa, na Bodson naye akauawa hapo hapo. Ndiyo sababu shaba ya Katanga iko Kongo. Mkataba wa Mei 1894 kati ya Waingereza na Léopold uliufanya mto Luapula kuwa mpaka. Tena, kutoka pale mto unapotoka Bangweulu, mstari ulishushwa moja kwa moja kusini mpaka kwenye mgongo wa maji ya Kongo na Zambezi. Kwa mstari ule kipande cha Kongo kikaingia ndani ya nchi ya jirani kama mguu. Msafiri wa Zambia atakaye kwenda kutoka Mansa hadi Ndola kwa njia fupi hulazimika kukanyaga nchi ya Kongo.

Mwaka 1890 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipewa ukanda mwembamba wa nchi uitwao Caprivi, ili wafike kwenye mto Zambezi. Lakini njia ya kwenda baharini kwa mto ule imezibwa na maporomoko makubwa ya Victoria. Ukanda huo upo katika ramani ya Namibia mpaka leo. Katika Afrika ya magharibi, Gambia ikawa nchi nyembamba inayofuata mto wake, nayo imezungukwa na Senegali. Wasomali waliwekwa chini ya tawala tano: Wafaransa, Waingereza wa kaskazini, Waitaliani, Waethiopia, na Waingereza wa Kenya.

Tusidhani kwamba wenyeji waliyatazama hayo yote kwa mikono mitupu. Mahali pengi walipigana. Waethiopia chini ya Mfalme Menelik waliwashinda Waitaliani huko Adwa, tarehe 1 Machi 1896, wakabaki na nchi yao. Lakini mahali pengi zaidi bunduki ilishinda.

Mstari unapoingia ndani ya watu

Mwanzoni mstari ulikuwa wino tu. Wenyeji walivuka kama zamani, wala hawakuuona. Lakini polepole ulishuka kutoka kwenye karatasi ukaingia katika maisha. Upande huu kodi ililipwa kwa mpira, na aliyeshindwa alipigwa au alikatwa; habari za ukatili huo zilienea ulimwenguni, na mwaka 1908 Ubelgiji ilimnyang'anya Léopold ile dola. Upande ule kodi ilikuwa ya nyumba. Huku franka, kule shilingi. Huku sheria za Bruxelles, kule za London. Baada ya vizazi viwili watoto wa babu mmoja walikuwa na desturi za ofisi mbili, na kila mmoja alimcheka mwenzake kwa namna anavyohesabu fedha.

Hata hivyo yako mambo ambayo mstari haukuweza kuyakata. La kwanza ni ujamaa: watu waliendelea kuoana, kuzikana na kukimbiliana wakati wa njaa. La pili ni lugha. Kiswahili kilikuja kwetu kutoka pwani pamoja na misafara, na wengi walikisikia kwanza katika vinywa vya watu waliowaogopa. Lakini wenyeji walikichukua wakakifanya chao. Mamisioni ya Tanganyika yalikifundisha. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwaleta watu wa kazi kutoka Rodesia, Kasai, Rwanda na Burundi. Watu hao waliokutana kambini bila lugha moja walipatana katika Kiswahili. Chombo cha biashara ya pembe kikawa lugha ya mama kumwita mtoto wake. Tazama basi: si kila kitu kilicholetwa na nguvu hubaki chini ya waliokileta.

Mfano mwingine ni padri Stefano Kaoze, aliyezaliwa Marungu, akapadirishwa mwaka 1917, wa kwanza katika Wakongomani wa nyakati hizi. Alipokuwa angali mwanafunzi aliandika juu ya fikara na desturi za watu wake kwa Kifaransa, na maandiko yake yalichapwa tangu mwaka 1910. Alitumia lugha ya wageni ili kuwaonyesha wageni kwamba Mwafrika ana akili na heshima. Nao watu wake, Watabwa, wako Kongo na Zambia pia.

Uhuru, na mipaka ile ile

Desemba 1958 wajumbe kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Accra; Patrice Lumumba alikuwamo. Mkutano ule uliilaumu mipaka ya kikoloni na kutaka irekebishwe. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Kongo kati yao, tarehe 30 Juni. Basi, mbona mipaka haikubadilishwa?

Kwa sababu walioshika serikali waliiona hatari. Siku 11 tu baada ya uhuru Katanga ilijitenga, na vita vile havikwisha mpaka Januari 1963. Wakubwa wa Afrika walijiuliza: tukianza kusogeza mpaka mmoja, tutaishia wapi? Umoja wa nchi za Afrika ulianzishwa Addis Abeba Mei 1963, na Julai 1964, huko Cairo, ulitoa azimio kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyokuwako siku ya uhuru. Somalia na Moroko hazikukubali.

Je, walifanya vema? Tupime pande zote mbili. Azimio lile halikuleta amani kamili. Vita vya Biafra vilidumu tangu mwaka 1967 mpaka 1970. Somalia na Ethiopia zilipigania Ogaden mwaka 1977 na 1978. Eritrea ilipata uhuru wake mwaka 1993, na Sudan ya Kusini mwaka 2011, baada ya vita virefu sana. Lakini vita vya nchi na nchi kwa ajili ya kunyang'anyana ardhi vimekuwa vichache kuliko walivyoogopa watu. Burkina Faso na Mali zilipogombana juu ya mpaka, zilikwenda mbele ya mahakama ya mataifa huko La Haye, zikapokea hukumu mwaka 1986. Kamerun na Nijeria nazo zilikwenda huko kwa ajili ya Bakassi, hukumu ikatoka mwaka 2002, na Nijeria ikaondoka kule.

Jeraha la Kivu

Kwetu sisi jambo hili si la vitabuni. Mpaka wa Kivu ulikubaliwa Bruxelles mwaka 1910, kati ya Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza. Kwa mapatano yale kisiwa cha Idjwi kiliwekwa upande wa Kongo. Watu wenye kusema Kinyarwanda walikuwako upande huu wa mstari siku ulipowekwa. Wengine waliletwa baadaye na serikali ya Ubelgiji, ili wafanye kazi Masisi na mahali pengine. Wengine tena walikuja kama wakimbizi tangu mwaka 1959.

Baada ya uhuru swali likawa: nani ni mwana wa nchi? Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wengi wa hao waliokuja kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 iliuondoa. Ilimtaka mtu awe na babu wa kabila lililokuwako katika nchi ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Fikirini jambo hilo. Siku ile ya mwaka 1885 hakuna mtu wa Kivu aliyejua kwamba anaitwa Mkongomani, awe Muhunde, Mnande, Mshi au mwenye kusema Kinyarwanda. Mpaka wenyewe wa Kivu ulikuwa haujakubaliwa bado. Mtu alipimwa kwa tarehe iliyowekwa na Léopold. Sheria ya mwaka 2004 ilisogeza kipimo hicho mpaka siku ya uhuru, mwaka 1960, lakini kwa miaka mingi kabla yake maneno ya sheria yalikuwa yamekwisha kuwa mapanga. Mwaka 1993 watu waliuana Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno walivuka kutoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari. Mwaka 1996 na 1998 vita vikubwa vikaanza, na majeshi ya nchi jirani yakaingia.

Kwa hiyo kuna makosa mawili ya kuepuka. Kosa la kwanza ni la yule asemaye: «Mpaka huu ulichorwa na Wazungu, basi haufai kitu, tuusogeze kwa bunduki.» Huyo anasahau kwamba ndani ya mpaka ule watu wameishi zaidi ya miaka mia, wamezaa, wamezika wafu wao, wameimba wimbo mmoja wa taifa. Kuuvunja kwa nguvu ni kurudia tendo la wale wakubwa wa zamani, yaani kuamua juu ya watu pasipo kuwauliza. Kosa la pili ni la yule asemaye: «Mpaka ni mpaka, mwenye lugha ya ng'ambo ni adui, aende kwao.» Huyo ameuchukua wino wa Léopold akaufanya damu ya moyo wake. Jirani yake hakuuvuka mpaka. Mara nyingi mpaka ndio uliomvuka jirani yake.

Njia ya haki iko kati ya hayo mawili: kuuheshimu mpaka, na kuufanya uwe mwepesi. Mama mwenye kikapu cha samaki asinyang'anywe faida yake na walinzi wa pande mbili. Mgonjwa apate dawa mahali palipo karibu. Mtoto aliyezaliwa kijijini aandikwe katika kitabu cha kijiji hicho, wala asiulizwe babu yake alisema lugha gani mwaka 1885. Tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na mwaka ule ule Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Hayo ni maneno mazuri ya wakubwa. Lakini maneno ya wakubwa hayawi kweli mpaka watu wadogo wayatende kivukoni, sokoni na katika ofisi ya kijiji.

Wale wajumbe wa Berlin walikufa zamani, na dola zao zimeondoka. Mistari yao imebaki mikononi mwetu. Hatukuichora sisi, lakini kama mstari utakuwa uzio wa kulinda shamba, au shimo la kumwangushia jirani, hilo hatuwezi tena kumwachia Mzungu alijibu. Hilo ni letu.